Sherbrooke Walker: Meja aliyewauzia matajiri usiku wa msitu wa Nyeri

WAZUNGU wengi waliofika Nyeri katika miongo ya kwanza ya ukoloni walikuja kutafuta mashamba ya kahawa na malisho ya ng'ombe. Meja Eric Sherbrooke Walker alikuja kutafuta kitu cha kuuza. Haikumchukua miaka mingi kugundua kwamba bidhaa yenye bei ya juu kuliko zote katika wilaya hiyo haikuhitaji jembe wala ghala. Ilikuwa giza la msitu wa Nyandarua, ambao Waingereza waliuita Aberdare, pamoja na wanyama waliotembea ndani yake usiku.

Bidhaa hiyo aliiita Treetops, yaani vilele vya miti. Ilizaliwa mwaka wa 1932 ikiwa na vyumba viwili juu ya mugumo, ikateketezwa kwa moto mwaka wa 1954, ikafufuka mwaka wa 1957 ikiwa kubwa mara nyingi zaidi, ikaigwa kuzunguka eneo zima la Mlima Kenya, na hatimaye ikazeeka. Wanafunzi wa biashara wanaofundishwa vyuoni jinsi bidhaa inavyozaliwa, inavyokua na inavyofifia wangeweza kuacha mifano ya magari na sabuni za ng'ambo wakaichunguza hii iliyo jirani yao.

Walker alizaliwa Uingereza mwaka wa 1887, akiwa mwana wa kasisi, na alipata masomo yake ya juu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Angali kijana alijiunga na chama cha Skauti wakati ambapo chama chenyewe kilikuwa kichanga, akawa katibu binafsi wa mwanzilishi wake, Robert Baden-Powell, na mmoja wa wakaguzi wake wa kwanza. Ajira hiyo haikosi uzito katika kisa hiki. Baden-Powell alikuwa amepiga kambi yake ya kwanza ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea mwaka wa 1907, na katika muda mfupi wavulana wa mijini, ambao hawakuwahi kuona msitu wa maana, walikuwa wakivaa kofia pana na skafu na kujifunza kufuata nyayo. Walichopewa ni hatari iliyopunguzwa makali, yenye sare, kanuni na mtu mzima wa kuwaongoza. Walker aliona kwa karibu jinsi kiu hiyo ilivyokuwa kubwa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka aliingia katika kikosi cha wanahewa, ndege yake ikaangushwa naye akatekwa na Wajerumani. Alijaribu kutoroka mara kadhaa, na husimuliwa kwamba Baden-Powell mwenyewe alimsaidia kwa kumpelekea vifaa vya kukatia nyaya vikiwa vimefichwa ndani ya vyakula. Baada ya vita alikwenda Urusi kuwasaidia wale waliopigana na Wabolsheviki, upande ambao ulishindwa.

Kisha akafanya jambo ambalo mwana wa kasisi hangetarajiwa kulifanya. Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe kuanzia mwaka wa 1920, na Walker, aliyekuwa na mchumba wa ukoo wa kitajiri lakini mwenyewe akiwa hana fedha, akaingia katika biashara ya kuisafirisha pombe kwa meli hadi kwenye pwani ya nchi hiyo. Baadaye aliyaandika mambo hayo katika kitabu alichokitoa kwa jina la bandia la James Barbican. Huko baharini alijifunza jambo ambalo shule nyingi za biashara huchelewa kulifundisha: chupa ileile, ikiwekewa kizuizi mbele yake, hupanda bei maradufu bila kuongezwa hata tone.

Mwaka wa 1926 alimwoa Bettie Feilding, binti wa Lodi wa Denbigh, na wawili hao wakaja Kenya kuanza maisha. Nyeri waliyoikuta ilikuwa na umri wa robo karne tu. Ilianzishwa mwaka wa 1902 kama kituo cha kijeshi baada ya majeshi ya Mwingereza kuwashambulia wakazi wa Tetu, ikakua kuwa makao ya utawala, maduka machache ya Wahindi na kilabu cha walowezi. Hoteli ilikuwapo tayari, nayo ni White Rhino, ambayo ilianzishwa na walowezi watatu, mmoja wao akiwa Berkeley Cole. Reli ilikuwa ikipanda kutoka Thika, na ilipofika mwaka wa 1930 ilikuwa imeingia Nanyuki.

Walker na mkewe walifungua hoteli yao mwaka wa 1928 kando ya bonde la Mto Chania, mahali ambapo mgeni akiamka asubuhi isiyo na mawingu huuona Mlima Kenya wote. Jina waliloipa, Outspan, lilitoka Afrika Kusini, na maana yake ni mahali pa kuwafungua ng'ombe nira baada ya mwendo mrefu wa gari la kukokotwa. Wakati huo watu walikuwa wakija kwa gari-moshi na kwa motokaa, wala hakukuwa na ng'ombe wa kufunguliwa. Lakini jina lilimfanya karani wa Nairobi aliyekuja kupumzika siku mbili ajione kama mvumbuzi aliyevuka nyika.

Tatizo la Outspan lilikuwa lile linaloisumbua hoteli yoyote ya mji mdogo. Mgeni alilala usiku mmoja, akautazama mlima, pengine akavua samaki aina ya trauti waliokuwa wamepandwa katika mito ya Nyandarua, kisha akaondoka. Zaidi ya hayo, mlima wenyewe ni mwenyeji asiyeaminika. Kuna majuma ambayo haujitokezi kabisa. Walker alihitaji kitu cha kumzuia mgeni usiku wa pili.

Husimuliwa kwamba wazo lilitoka kwa Bi Bettie, ambaye tangu utotoni alikipenda kisa cha Peter Pan na kutamani kibanda cha mtini. Mumewe alilichukua tamanio hilo akalichanganya na jambo la watu wazima, yaani jukwaa la juu ya mti ambalo wawindaji wa India walilitumia kumvizia simbamarara. Palichaguliwa mugumo mkubwa ulioinama kando ya bwawa, mahali ambapo njia za wanyama zilikutana. Ujenzi haukuwa rahisi, kwa kuwa ndovu na vifaru hawakuwa wamearifiwa juu ya mradi huo, na mara kwa mara mafundi walilazimika kuacha misumeno na kukimbia. Novemba 1932 vyumba viwili vilikuwa tayari.

Inafaa kueleza jinsi mauzo yenyewe yalivyopangwa, maana hapo ndipo palipokuwa na ufundi wa Walker. Haikuwezekana kwenda Treetops moja kwa moja. Mgeni alianzia Outspan, akala chakula cha mchana, akaacha mizigo yake mikubwa na kubeba kifuko kidogo tu. Alipelekwa kwa gari hadi ukingoni mwa msitu, kisha akateremka na kutembea sehemu ya mwisho kwa miguu, akiongozwa na mwindaji mwenye bunduki. Kando ya njia miti ilikuwa imepigiliwa vipande vya mbao mithili ya ngazi, ili kifaru akitokea ghafla mgeni apate pa kupandia. Akifika juu alikatazwa kusema kwa sauti na kuvaa viatu vinavyogonga sakafu. Chini kulikuwa kumemwagwa chumvi ya kuwavuta wanyama. Kisha watu wakakaa roshanini kungoja. Asubuhi walirudishwa Outspan kwa kifungua-kinywa.

Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na kazi mbili. Ngazi za mitini ziliokoa maisha, naam, lakini pia zilimwambia mgeni kwa macho yake kwamba maisha yake yalikuwa hatarini. Amri ya kunong'ona iliwazuia wanyama wasitoroke, na papo hapo ikawafanya mabwana waliozoea kuamuru wengine wajisikie kama watoto waliokesha bila ruhusa ya wazazi. Hata uchache wa vyumba, ambao ulitokana na ukubwa wa mti na si kingine, uligeuka kuwa sifa. Kitu ambacho watu wanne wanaweza kukipata kwa usiku mmoja hakina haja ya kutangazwa sana.

Katika miaka hiyohiyo huko Marekani, msanifu mzaliwa wa Ufaransa, Raymond Loewy, alikuwa akijipatia jina kwa kubadilisha maumbo ya vyombo vya nyumbani na magari-moshi. Imani yake ilikuwa kwamba mnunuzi huvutwa na kilicho kipya, lakini hukiogopa kikiwa kipya kupita kiasi, na kwamba kazi ya msanifu ni kufika mbali kadiri mnunuzi anavyoweza kustahimili na kukomea hapo. Hakuna ushahidi kwamba Walker aliwahi kushughulika na mawazo ya aina hiyo, lakini kibanda chake kilisimama hapohapo. Kulala juu ya vifaru kulikuwa jambo geni kabisa. Kibanda cha mtini, kitanda chenye shuka safi na chai ya jioni vilikuwa vitu ambavyo Mwingereza alivifahamu tangu utotoni.

Jambo la pili lilikuwa subira. Wanyama hawakuahidiwa. Mgeni angeweza kuona ndovu thelathini au akaona ngiri mmoja. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia B. F. Skinner na wenzake walionyesha kwa majaribio ya njiwa kwamba kiumbe anayelipwa bila mpango unaotabirika hushikilia jitihada zake kwa muda mrefu kuliko yule anayelipwa kila mara. Wacheza kamari wanalijua hilo bila njiwa, nao wavuvi kadhalika. Roshani ya Treetops iliendeshwa kwa nguvu iyo hiyo, na aliyeondoka mikono mitupu alikuwa na sababu ya kurudi kuliko aliyeona kila kitu.

Hata hivyo kuna upande ambao vijitabu vya watalii haviutaji. Mugumo, kwa Wagikuyu, si mti kama miti mingine. Chini yake ndiko wazee walikochinjia kondoo wa kafara na kuomba mvua, nyuso zikiwa zimeelekezwa Kirinyaga, na kuukata mugumo uliotengwa kwa ibada lilikuwa jambo la kutisha. Mwaka huohuo wa 1932, Walker alipokuwa akipigilia misumari, serikali ya Uingereza iliteua Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Jaji Morris Carter, iliyozunguka ikisikiliza malalamiko ya Wagikuyu walionyang'anywa mashamba. Ripoti iliyotolewa mwaka wa 1934 iliwaacha wengi wao na uchungu kuliko awali, kwa kuwa iliimarisha mipaka ya maeneo ya walowezi. Kwa hivyo kile kilichouzwa kama pori lisilo na mtu kilikuwa na majirani waliolijua vizuri, waliokwenda humo kutafuta asali, kuni na dawa, na ambao sasa waliingia wakiwa wabeba mizigo na wapishi. Uzuri wa bidhaa ya Walker ulitegemea kutoonekana kwao. Hilo halimfanyi awe mwovu kuliko walowezi wenzake, lakini nalo lilikuwa sehemu ya bei.

Sifa za Outspan zilimfikia mwajiri wake wa zamani. Baden-Powell alizuru Nyeri katikati ya miaka ya 1930, akapapenda kupita kiasi, na mwaka wa 1938 akahamia na mkewe Olave katika nyumba ndogo iliyojengwa ndani ya uwanja wa hoteli. Waliiita Paxtu, kwa kukumbuka nyumba yao ya Uingereza iliyoitwa Pax Hill. Alifariki humo Januari 8, 1941 na kuzikwa katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, mjini Nyeri, kaburi likiukabili mlima. Baada ya vita mwindaji mashuhuri wa India, Jim Corbett, aliyekuwa amepata umaarufu kwa kuwaua simbamarara na chui wala watu, alihamia katika nyumba hiyohiyo pamoja na dada yake. Naye alifariki Nyeri, mwaka wa 1955, na amezikwa katika makaburi yaleyale.

Mfanyabiashara mwingine angelipia fedha nyingi kuwapata wapangaji wa aina hiyo. Walker aliwapata kwa urafiki na kwa hali ya hewa. Mwanzilishi wa Skauti na mwindaji wa simbamarara, wote wawili wakiwa wamekaa barazani katika hoteli moja, walikuwa uthibitisho ulio hai wa kile ambacho hoteli ilidai kukiuza.

Uthibitisho mkubwa zaidi ulikuja Februari 1952. Binti Mfalme Elizabeth, wakati huo akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa amefika Kenya na mumewe Philip katika safari iliyokusudiwa kuendelea hadi Australia na New Zealand. Walikuwa wakikaa Sagana Lodge, nyumba iliyo karibu na Kiganjo ambayo serikali ya koloni iliwapa kama zawadi ya arusi. Kwa ajili yao kibanda cha mugumo kiliongezewa chumba. Jioni ya Februari 5 waliutembea ule mkondo wa msituni kwa miguu kama mgeni mwingine yeyote, huku kundi la ndovu likiwa limekusanyika karibu na mti, wakapanda ngazi, na Binti Mfalme akatumia saa nyingi akiwapiga picha za filamu wanyama waliokuja bwawani. Corbett alikuwapo, akilinda ngazi.

Usiku huo, mbali kule Uingereza, Mfalme George wa Sita alifariki usingizini. Hakuna aliyejua juu ya mti. Wageni waliteremka asubuhi na kurudi Sagana, na habari ilipofika Nyeri haikupitia kwa maofisa wa serikali. Katibu wa Binti Mfalme, Martin Charteris, aliisikia kutoka kwa mwanahabari alipokuwa akipata chakula cha mchana katika Outspan, akapiga simu Sagana. Philip ndiye aliyemweleza mkewe. Kabla ya usiku kuingia walikuwa wameruka kutoka Nanyuki kuelekea Entebbe, njiani kurudi London.

Kwa tukio ambalo hakulipanga wala hangeweza kulinunua, Walker alijikuta akimiliki mahali ambapo mwanamke alipanda juu akiwa binti wa mfalme na kushuka akiwa malkia. Sentensi hiyo ilizunguka dunia, na imezunguka tangu wakati huo kwa namna nyingi. Tangu usiku huo bidhaa ilibadilika asili. Kabla ya 1952 mgeni alilipia nafasi ya kuwaona ndovu. Baada yake alilipia kulala penye historia, na ndovu wakawa nyongeza.

Lakini msitu ulikuwa na historia nyingine iliyokuwa ikiiva. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952, miezi minane tu baada ya ule usiku. Wilaya ya Nyeri ikawa kitovu cha vita. Dedan Kimathi na wapiganaji wa Mau Mau walikuwa ndani ya msitu huohuo wa Nyandarua, vijiji vya wakazi vikazungushiwa mahandaki na nyaya, na ndege za kijeshi zikaangusha mabomu juu ya miti ambayo Walker aliwauzia watu kama makao ya amani. Mwezi wa Mei 1954 wapiganaji waliteketeza Treetops, mugumo na kibanda pamoja.

Magazeti ya London yaliuona moto huo kama dharau kwa Malkia. Pengine ilikuwa hivyo. Lakini mtu aliyelala kwenye mianzi ya Nyandarua kwa miaka miwili, akiwindwa, alikuwa na sababu za karibu zaidi za kukichukia kibanda cha starehe kilichojengwa juu ya mti wa sala wa babu zake.

Wengi wangeishia hapo. Walker alikuwa akikaribia umri wa miaka 67, na hoteli yake ilikuwa jivu katikati ya eneo la vita. Kimathi alitekwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Mwaka huohuo Treetops mpya ilifunguliwa, ng'ambo ya bwawa lilelile. Haikuwa tena kibanda. Ilikuwa jengo la mbao lililosimama juu ya nguzo ndefu, likiwa na vyumba kadhaa na roshani pana juu ya paa, na mti hai ukipenya katikati yake ili mgeni aendelee kuamini kwamba yumo mtini. Nguzo za ndani ziliachwa na vifundo vyao, mbao zikaachwa bila rangi. Mtindo huo wa miti isiyorandwa, ambao mwaka wa 1932 ulikuwa lazima, mwaka wa 1957 ulikuwa uamuzi wa msanifu. Tangu hapo umeenea katika hoteli za mbugani kote Afrika Mashariki, hata zile ambazo nguzo zake ni za saruji iliyopakwa rangi ya gome.

Mama yake Malkia alifika mwaka wa 1959 kuionea fahari hoteli mpya. Pale ambapo zamani mgeni alilazimika kungoja mbalamwezi, sasa ziliwekwa taa za kuiga mwanga wake, kila usiku ukawa wa mwezi mpevu, na hivyo kila usiku ukaweza kuuzwa. Ilikuwa hesabu sahihi. Ilikuwa pia mara ya kwanza kwa Walker kukiondoa kizuizi badala ya kukiweka.

Mwaka wa 1965 Theodore Levitt, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha makala yaliyowafanya wafanyabiashara wa dunia wazungumze juu ya uhai wa bidhaa kana kwamba ni wa kiumbe: huzinduliwa, hukua, hukomaa, kisha hufifia, na mwenye akili hupanga mapema jinsi ya kuirefusha kila hatua. Dalili mojawapo ya ukomavu ni waigaji, na Mlima Kenya ukaanza kuwapata. Nanyuki tayari ilikuwa na Mount Kenya Safari Club, iliyoanzishwa mwaka wa 1959 na mwigizaji wa sinema wa Marekani William Holden na washirika wake, ambayo ilivutia watu maarufu kwa nyasi zilizokatwa na mabwawa ya kuogelea badala ya ngazi za mitini. Ndani ya Nyandarua kwenyewe ikaja The Ark, yenye umbo la safina ya Nuhu, ambako mgeni alilala na kengele chumbani ikamwamsha mnyama mkubwa alipofika. Kwenye msitu wa mlima, upande wa Kiganjo na Karatina, ikajengwa Mountain Lodge kwa mpango uleule wa bwawa, chumvi na taa.

Kengele hiyo yastahili kutazamwa kidogo. Ilikuwa huduma njema kwa mzee aliyechoka. Lakini iliiua subira, na subira ndiyo iliyokuwa nusu ya bidhaa.

Nayo malighafi ikaanza kupungua. Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka wa 1970; kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ujangili ulikuwa umewaacha chini ya 400. Ndovu, kwa upande wao, walizidi mahali pasipostahili. Chumvi na maji viliwakusanya mbele ya roshani mwaka baada ya mwaka, wakaibandua miti magome na kuikanyaga michipuko, hadi msitu mzito ambao mafundi wa 1932 walikimbilia ukawa uwanda wa nyasi na vigogo. Aliyetazama picha za kale na kisha kutazama bwawa aliona kwamba jina la Treetops lilikuwa limebaki karibu peke yake. Uzio wa umeme uliojengwa kuzunguka msitu wa Nyandarua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wenye urefu wa kilomita zipatazo 400 na kukamilika mwaka wa 2009, uliyaokoa mashamba ya wakazi na pia msitu wenyewe.

Walker hakuyaona hayo ya mwisho. Baada ya Uhuru hoteli zake ziliingia mikononi mwa kampuni ya Block Hotels, na yeye alifariki mwaka wa 1976, akiwa na umri wa miaka 88. Alikuwa ameandika kitabu kuhusu Treetops mwaka wa 1962, kilichosaidia kukiweka kisa cha Malkia katika rafu za wasomaji ambao hawangewahi kufika Nyeri.

Malkia mwenyewe alirudi mwaka wa 1983 na kuonyeshwa jengo ambalo hakulilala na bwawa lililopoteza miti. Hoteli hizo mbili baadaye zilimilikiwa na Aberdare Safari Hotels. Mwaka wa 2012, Malkia alipotimiza miaka 60 ya utawala, Treetops ilifanyiwa ukarabati mkubwa: vyumba vilivyokuwa vyembamba kama vya gari-moshi vikapanuliwa na kupunguzwa idadi, na kimoja kikapewa jina la Binti Mfalme. Lakini kizazi kilichofunga safari kwa ajili ya kisa cha 1952 kilikuwa kikizeeka, na watalii vijana walitaka Maasai Mara na fukwe za pwani. Janga la Uviko-19 lilipowakatiza watalii safari, milango ikafungwa. Malkia alipofariki Septemba 8, 2022, wanahabari waliopanda hadi Nyeri kutafuta mahali alipoanzia utawala walilikuta jengo tupu.

Sagana Lodge, iliyokuwa zawadi ya arusi, ilikwisha kuwa mali ya serikali ya Kenya zamani, na marais kadhaa wameitumia kama ikulu ndogo. Maskauti kutoka nchi za mbali wameendelea kuja Nyeri kulisalimu kaburi la Baden-Powell kisha kushuka hadi Paxtu, nyumba ambayo Walker aliitengea nafasi katika uwanja wa hoteli yake mwaka wa 1938 kwa ajili ya mzee mmoja aliyetafuta hewa safi.